Tarakimu ya Mwisho na Kazi Yake



Mwalimu msimamizi wa gazeti hili aliniomba niandike machache juu ya kazi yangu. Mimi nilisoma katika shule hii, na sasa ni fundi wa kompyuta mjini Dar es Salaam. Simu na kompyuta za kila namna hupita mikononi mwangu, na nilidhani ningewaandikia juu ya vyombo vikubwa. Lakini nimeona afadhali niwaeleze jambo dogo kabisa, yaani tarakimu moja tu, kwa kuwa ukosefu wake ulinitia hasara na aibu.

Siku moja, mwisho wa muhula, mdogo wangu alikuwa stendi ya mabasi katika mkoa anakosoma, akingoja nimpelekee nauli ya kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa kazini, na mteja alisimama mbele yangu akinihimiza. Nikatoa simu, nikaandika namba ya mdogo wangu kwa kukumbuka, nikatuma shilingi 45,000, nikaendelea na kazi. Jioni akanipigia: “Kaka, basi la mwisho linaondoka, sijaona kitu.” Nilipotazama niliona kosa langu. Katikati ya namba yake mna 27, nami niliandika 72. Fedha zilikwisha kwenda kwa mtu nisiyemjua. Nilipompigia, simu iliita mara moja, kisha ikazimwa. Mdogo wangu alilala juu ya benchi stendi, kichwa juu ya sanduku lake la bati, na mama yetu hakupata usingizi usiku ule. Asubuhi nilituma nauli nyingine. Ile ya kwanza sikuipata mpaka leo.

Basi nikajiuliza: mimi ni fundi wa mashine, najua kwamba mashine nyingi hukataa namba iliyokosewa. Kwa nini simu yangu haikukataa? Jibu la swali hilo ndilo nitakalowaeleza.

Mwalimu akiwapeleka wanafunzi 40 matembezini, huwahesabu wanapopanda gari, na huwahesabu tena wanapotaka kurudi. Akipata 39 hajui ni nani aliyebaki, lakini ajua kwamba gari lisiondoke. Wataalamu wa hesabu wamefanya vivyo hivyo kwa namba. Mwisho wa namba huongeza tarakimu moja ambayo haina habari mpya, ila ni shahidi wa zile zilizotangulia. Tarakimu hiyo huitwa tarakimu ya ukaguzi.

Lakini kujumlisha tu hakutoshi. Ukiandika 72 badala ya 27, jumla ni 9 ile ile, na kosa halionekani. Kwa hiyo hapana budi kila tarakimu ipewe uzito kulingana na mahali ilipokaa.

Chukueni kitabu chochote kipya cha maktaba mkakitazame nyuma. Mtaona namba yenye tarakimu 13 ianzayo na 978, au mara chache 979. Vitabu vingi vilivyochapishwa Tanzania huendelea na 9976 au 9987, na vingi vya Kenya 9966. Sasa tufanye hesabu. Nimetunga kwa mazoezi tu tarakimu 12 hizi: 978998712345. Je, ya 13 iwe ipi?

Kwanza, jumlisha tarakimu ya 1, ya 3, ya 5, ya 7, ya 9 na ya 11: 9 + 8 + 9 + 7 + 2 + 4 = 39.

Pili, jumlisha zilizobaki: 7 + 9 + 8 + 1 + 3 + 5 = 33. Zidisha kwa 3, upate 99.

Tatu, 39 na 99 ni 138. Tafuta kinachopungua ili ifike kwenye kumi kamili inayofuata, yaani 140. Kinapungua 2. Basi tarakimu ya ukaguzi ni 2, na namba nzima ni 9789987123452.

Sasa mtu akikosea akaandika 8 mahali pa ile 3, jumla pamoja na tarakimu ya mwisho itakuwa 155 badala ya 140. Haigawanyiki kwa 10, na mashine itakataa. Ukikosea tarakimu moja, yoyote ile, njia hii haikosi kukugundua. Bidhaa za dukani zenye mistari myeusi na tarakimu 13 hufuata hesabu hiyo hiyo. Mashine ya dukani inapolia, imekwisha soma mistari na kuikagua. Bidhaa ya kwanza kusomwa hivyo dukani ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna, mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974. Mkikuta namba ya bidhaa ianzayo na 620, imesajiliwa Tanzania, na 616 ni Kenya, ingawa si lazima bidhaa yenyewe iwe imetengenezwa huko.

Vitabu vya kabla ya mwaka 2007 vina namba ya tarakimu 10 tu, na baadhi yake huishia na herufi X. Wengi hudhani ni kosa la mpiga chapa. Sivyo. Hesabu ya zamani iligawanya kwa 11, na ilipohitajika tarakimu ya ukaguzi yenye thamani ya 10, iliandikwa X kama Warumi walivyoandika kumi, ili nafasi moja itoshe.

Hata hivyo kila mlinzi ana usingizi wake. Njia hii ya tarakimu 13 haioni kosa la kubadilishana nafasi iwapo tarakimu mbili jirani zinapitana kwa 5, kama 1 na 6, au 2 na 7. Angalieni: 2 jumlisha mara tatu ya 7 ni 23, na 7 jumlisha mara tatu ya 2 ni 13. Tofauti ni 10 kamili, na kumi kamili haionekani. Kumbe kosa langu la 27 na 72 lingepita hapa pia!

Iko njia nyingine iliyobuniwa na Hans Peter Luhn, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1954, akaipata mwaka 1960. Anza kuliani. Tarakimu ya mwisho iache ilivyo, inayofuata izidishe kwa 2, nyingine iache, nyingine izidishe kwa 2, mpaka mwisho. Jibu la kuzidisha likipita 9, toa 9. Kisha jumlisha zote, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Njia hii huona mabadilishano yote ya tarakimu jirani, isipokuwa 0 na 9. Kwa 27, ukizidisha ile 2 unapata 4, na 7 inakuwa 11. Kwa 72, 7 mara mbili ni 14, toa 9, inabaki 5, na 2 inakuwa 7. Jumla si moja, na kosa limeonekana.

Njia ya Luhn hutumika katika kadi za benki. Hutumika pia katika namba ya utambulisho ambayo kila simu ya mkononi huzaliwa nayo. Wakati wa likizo waombeni wazazi wenu simu, mbonyeze *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, na simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Ifanyieni hesabu hiyo kwa karatasi na kalamu.

Sasa twarudi kwenye swali letu. Chombo chenyewe kina namba yenye mlinzi, lakini namba tunayopigia, ile ya tarakimu 10 ianzayo na sifuri, haina mlinzi. Sababu yake si uzembe. Namba hizi zilipangwa kwa ajili ya kuongea. Ukikosea, mtu mwingine hupokea, unasema, “Samahani, nimekosea namba,” mambo yakaisha. Hakuna aliyeona haja ya tarakimu ya ziada. Kisha huduma ya kutuma fedha kwa simu ikaanza, M-Pesa huko Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008, na namba iliyopangwa kwa maongezi ikawa mlango wa fedha za watu. Kazi imekuwa nzito, bali namba ni ile ile. Ukikosea tarakimu moja, mara nyingi utaangukia namba halali ya mtu mwingine, na mashine haina njia ya kujua kwamba hukumkusudia yeye.

Kwa hiyo mlinzi ni jina. Kabla hujaandika namba ya siri, simu huonyesha jina la mpokeaji. Nami sina budi kukiri, maana nisipokiri makala hii itakuwa ya uongo: siku ile jina la mtu mwingine lilionekana waziwazi kwenye kioo. Sikulisoma. Nililaumu mashine kwa kukosa mlinzi, kumbe mlinzi alikuwapo, nami nilimpita kama mtu apitaye bawabu bila salamu.

Wazazi, mnapowatumia watoto nauli, msiandike namba kwa kukumbuka. Ichukueni katika orodha ya simu, na msome jina pole pole kabla ya kukubali. Ikiwa mmekosea, pigieni simu kampuni ya mtandao wenu mara moja, kabla mpokeaji hajazitoa fedha, wala msianze kwa kumpigia yeye kama nilivyofanya mimi.

Nanyi wanafunzi, msidharau hesabu za kugawanya na kubaki mnazofanya darasani mkidhani hazina kazi duniani. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na mdogo wangu hunikumbusha methali hiyo kila tufungapo muhula.

Nawatakia masomo mema.