Kipupwe Nyanda za Juu: Jiko la mkaa lisilale nanyi chumbani

Wenzetu wa pwani wakisema kuna baridi wana maana ya kutafuta shuka la pili. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna baridi ya aina nyingine. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku ukitulia na mbingu ikabaki wazi, mabonde ya Mufindi, milima ya Uporoto na uwanda wa Kitulo huweza kuamka vyeupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani. Kitulo iko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbeya wenyewe uko karibu mita 1,700. Makete siku hizi iko mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, lakini baridi haikupewa barua ya mipaka mipya.

Mkulima anayajua madhara ya sakitu shambani. Majani ya viazi mviringo yaliyokuwa mabichi jioni, jua likipanda yananyauka na kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo tunajihadhari. Ndama anatandikiwa majani makavu, kuku wanafungiwa, viazi vilivyochimbwa vinafunikwa. Kisha tunaingia ndani, tunafunga mlango, tunaziba nyufa za dirisha kwa matambara, na jiko la mkaa lililopikia ugali tunaliingiza chumbani walikolala watoto. Hapo ndipo ninapotaka tusimame, maana ndama tumemhifadhi vizuri kuliko wanetu.

Mkaa ukiwaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni una ubaya wake, lakini angalau unakufukuza: utakohoa, macho yatatoka machozi, utafungua mlango. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, na mama wa nyumbani huona kwamba sasa umekuwa salama. Na yale makaa tunayoyafunika jivu ili yadumu mpaka alfajiri ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu kadiri moto unavyokosa hewa ndivyo unavyotoa sumu hii kwa wingi. Sufuria la maji likiwekwa kando ya jiko halisaidii kitu.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba oksijeni. Kaboni monoksaidi hukalia nafasi ile ile ya oksijeni, tena huishikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anavuta pumzi kama kawaida lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Huanza kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Aliyekwisha lala hapati hata onyo hilo, huenda moja kwa moja. Mama mjamzito yuko katika hatari mbili, kwani damu ya mtoto tumboni huishikilia sumu hii zaidi kuliko yake.

Tatizo ni kwamba dalili hizi tumezizoea kwa jina jingine. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, neno la kwanza ni malaria, ingawa kwenye miinuko yenye baridi kali malaria ni chache kuliko kule bondeni Kyela. Jiulize maswali mawili. Je, mliolala chumba kimoja mmeamka wote vichwa vinauma? Je, maumivu yanapungua ukishinda shambani, halafu yanarudi asubuhi inayofuata? Kama ndivyo, usikimbilie dawa za dukani. Tazama jiko liko wapi.

Nyumba zetu nazo zimebadilika. Nyumba ya nyasi ilikuwa ikipumua, moshi na hewa mbaya vikipenya juu kwenye paa. Leo, alhamdulillah, watu wamejenga kwa tofali za kuchoma, bati, dari na madirisha ya vioo. Ni maendeleo, lakini nyumba iliyozibwa vizuri haina huruma na jiko la mkaa. Ile desturi ya babu ya kuota moto ndani tusiihamishe kama ilivyo.

Na sisi Waislamu jambo hili halikutujia jana. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari zao akaufananisha moto na adui na kuamrisha uzimwe kabla ya kulala. Tumezoea kuisoma hadithi hii kwa kufikiria miali inayounguza godoro. Lakini makaa yaliyofunikwa jivu nayo ni moto ambao haujazimwa. Agizo limeenea kote.

Utaniuliza, basi tugande? Hapana. Oteni moto jioni jikoni penye mlango na matundu ya kutolea moshi, mle na mnywe uji wa moto, kisha lizimeni na mwende kulala. Jiko libaki nje ya nyumba ya kulala, si kwenye korido, si nyuma ya mlango. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea, kwani mtu atalifunga usiku akisikia upepo. Baridi nyingi hutoka chini, hivyo watoto wasilale kwenye mkeka mtupu juu ya sakafu. Gunia lililojazwa maganda makavu ya mahindi chini ya godoro lina faida kubwa kuliko blanketi la tatu juu. Kofia na soksi kavu zivaliwe kitandani. Kichanga avuliwe nguo, abaki na nepi na kofia, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Hakuna jiko linalomfikia mama kwa joto la namna hiyo.

Ukimkuta mtu amelegea au amezimia chumbani mwenye jiko, fungua milango yote, mvute nje haraka, na wewe usikae mle ndani. Kama anapumua, mlaze ubavu. Usimmiminie maziwa mdomoni: hayaondoi sumu iliyoingia kwa njia ya hewa, na yanaweza kumpalia. Mpeleke kituo chenye oksijeni hata kama amezinduka, na mwambie mhudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Msione aibu. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganywa na sumu hii na kuonyesha namba nzuri, hivyo maneno yako yanaweza kumsaidia mgonjwa kuliko kipimo.

Kuhusu udhu wa alfajiri, maji ya kuchemsha yachemshiwe nje au jikoni. Dini haikutuwekea uzito. Amr bin al-Aas (r.a.), katika safari ya Dhat as-Salasil, alikuwa na janaba usiku wa baridi kali, akachelea nafsi yake kuoga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Mtume (s.a.w.) alipomsikia hoja yake alicheka na hakumlaumu, kama alivyopokea Abu Daud. Ruhusa hiyo ni ya anayehofia madhara na hana njia ya kupasha maji, si ya mvivu wa kukoka moto. Undani wake muulize imamu wako.

Limebaki la moshi wa kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayebebwa mgongoni siku nzima jikoni huvuta moshi ule ule wa mama yake, na kipupwe ndipo tunapokaa humo muda mrefu. Matokeo yake makubwa ni nimonia. Chanjo ya kuikinga sehemu yake hutolewa nchini tangu mwaka 2013, asikose hata dozi moja.

Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa ya mkononi au ya simu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, au anashindwa kunyonya, usingoje kupambazuke wala ng'ombe wakamuliwe. Mfunge mgongoni, mfunike vizuri, pua ikiwa wazi, mwende kituoni usiku huo huo.