Chapa za Kale za Wafalme wa Norway: Hesabu Kurasa Kwanza

Anayeanza kukusanya chapa za kale za habari za wafalme wa Norway huvutwa kwanza na jalada: ngozi iliyonakshiwa, maandishi ya dhahabu mgongoni. Muuzaji analijua hilo. Lakini jalada hubadilishwa wakati wowote. Thamani ya kitabu imo katika maandishi yake na njia yaliyopitia mpaka yakatufikia.

Kitabu kikuu ni Heimskringla cha Snorri Sturluson wa Iceland, kilichoandikwa yapata mwaka 1230, kinachosimulia wafalme hao hadi mwaka 1177. Mswada wake ulio bora, uitwao Kringla, uliteketea katika moto mkubwa wa Copenhagen mwaka 1728. Ilinusurika karatasi moja tu, ambayo leo iko Iceland. Nakala zilizoandikwa kwa mkono kabla ya moto ndizo zilizotuhifadhia maneno yake. Kwa hiyo chapa iliyotangulia mwaka 1728 ilitoka wakati mswada wenyewe ungali mzima, na kwangu hilo lina uzito kuliko dhahabu yoyote ya mgongoni.

Chapa za namna hiyo ni chache. Ya mwaka 1633 ni tafsiri ya Kidenmaki ya kasisi Peder Claussøn Friis, iliyotolewa na Ole Worm baada ya mfasiri kufariki. Ya mwaka 1697, iliyotoka Stockholm kwa mkono wa Johan Peringskiöld, ndiyo ya kwanza kuchapa Heimskringla kwa lugha yake ya asili, ikiambatana na Kiswidi na Kilatini. Peringskiöld aliingiza humo sura kadhaa za safari za Vinland, yaani Marekani ya Kaskazini, ambazo Snorri hakuziandika. Wahariri wa leo huziondoa. Mkusanyaji asikubali zikosekane, kwani ndizo zilizowafikishia wasomi wengi wa Ulaya habari za safari hizo.

Kisha kuna toleo la Copenhagen, juzuu 6 kubwa, lililoanzishwa na Gerhard Schøning mwaka 1777. Juzuu ya tatu ilitoka mwaka 1783, kazi ikasimama miaka 30, na ya mwisho ikatoka mwaka 1826. Wengi walionunua ya kwanza hawakuishi kuiona ya sita. Ndiyo maana seti nyingi zimeunganishwa kutoka maktaba mbalimbali, vimo tofauti, majalada tofauti. Hilo si kosa, mradi muuzaji aliseme wazi.

Unapokagua, tazama chini ya kurasa. Utaona herufi ndogo, A, A2, B na kuendelea, zilizomwongoza mjalidi kupanga karatasi. Zifuate moja baada ya nyingine. Usishtuke I ikifuatwa na K: wapiga chapa wa zama hizo kwa kawaida hawakuitumia J katika mpangilio huo. Ila B ikirukia D, kuna kurasa zimeng'olewa. Halafu inua ukurasa wa jina dhidi ya mwanga. Karatasi ya zamani iliyotengenezwa kwa mkono kutokana na matambara huonyesha mistari ya chekecheo lililotumiwa kuchotea rojo; ukurasa usio nayo, katikati ya kurasa zilizo nayo, umepachikwa baadaye.

Mwenye fedha kidogo asikate tamaa. Mwaka 1899, Norway ikiwa bado chini ya mfalme mmoja na Sweden, ilitoka Kristiania, yaani Oslo ya leo, tafsiri ya Heimskringla ya Gustav Storm yenye michoro ya Erik Werenskiold, Christian Krohg, Gerhard Munthe na Halfdan Egedius, kijana aliyefariki mwaka huohuo akiwa na miaka 21. Mwaka uliofuata likaja toleo la bei nafuu kwa ruzuku ya serikali, likaingia nyumba nyingi za Norway. Kwa sababu hiyo bado linapatikana bila shida katika maduka ya vitabu vikuukuu vya huko. Anza na hilo, ulisome lote, ndipo uitafute ya mwaka 1697.