Kanula na Mshipa Mgumu

Kipindupindu kilichoingia Visiwani mwaka 1978, na kikarejea kwa nguvu mwaka 2015, kina tabia moja isiyobadilika: hukausha maji ya mwili, na mishipa ya damu ikanywea. Hapo ndipo mgonjwa anapohitaji zaidi maji ya dripu, na ndipo mshipa wake unapokuwa mgumu kupatikana. Watoto wachanga, watu wanene na wagonjwa wa sikoseli waliochomwa mara nyingi nao wamo katika shida hiyo.

Kanula, yaani kimpira kinachoachwa ndani ya mshipa, hutofautishwa kwa namba na rangi. Namba ikizidi, kanula huwa nyembamba. Namba 24 ya manjano hupitisha takriban mililita 20 kwa dakika. Namba 20 ya waridi takriban 60. Namba 18 ya kijani takriban 90.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa mno hutakiwa apewe lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, yaani mililita 50 kila dakika. Kanula ya manjano haiiwezi kazi hiyo, hata ikiingia kwa urahisi. Lakini kwa mtoto mchanga, hiyo hiyo ndiyo inayofaa. Kwa hiyo ichaguliwe iliyo nyembamba kuliko zote zinazoitosheleza kazi. Na mshipa ukiwa ndani sana, urefu nao uzingatiwe, kwani kanula fupi huchomoka upesi.

Muuguzi akikosa mara mbili, asione haya kumwita mwenzake mwenye uzoefu zaidi. Mshipa usipopatikana kabisa, iko sindano ya kupitishia maji katika mfupa wa muundi. Na uko mpira wa puani wa kupitishia maji ya chumvi na sukari.

Hata hivyo, muuguzi hawezi kuchagua kisichokuwamo kabatini. Agizo linalotaja kanula na idadi tu, bila ya namba zake, halijakamilika. Hapana budi wanaohusika wapate hesabu kutoka wodini kabla ya kuagiza. Sisi tumezungukwa na bahari. Kinachokosekana kisiwani usiku hakifiki kabla ya asubuhi.

Afya ya wananchi ni dhamana. Dhamana hiyo humwangukia kwanza mwenye kushika kalamu ya agizo, ndipo ikamfikia mwenye kushika sindano.