Kabla ya jipsamu ya sebuleni, anza na dari ya chumba cha watoto

Handeni/Korogwe. Ujenzi wa nyumba nyingi katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga hufika mahali ukasimama. Paa limeezekwa, milango miwili imewekwa, madirisha yana nondo, familia inahamia. Dari inabaki kwenye orodha ya "tutamalizia baadaye".

Fedha ikipatikana, kazi huanzia sebuleni. Jipsamu yenye maua, taa za kuzunguka, rangi mbili. Mgeni akiingia, anaona. Chumba cha watoto kinaendelea kuwa na mabati wazi juu ya kitanda, na uwazi wa vidole vinne kati ya ukuta na paa.

Kwa afya ya familia, mpangilio huo unastahili kugeuzwa. Chumba kinachohitaji dari mapema kuliko vyote ni kile anacholala mtoto, hasa aliye chini ya miaka mitano. Sababu ni mbili: joto na mbu. Na zinasaidiana kumdhuru.

Bati ni kama paa la basi

Aliyewahi kusubiri abiria wajae ndani ya basi lililoegeshwa juani stendi ya Korogwe anajua chuma kikipata jua kinafanya nini. Ndiyo maana watengeneza mabodi ya mabasi hawaachi bati tupu juu ya kichwa cha abiria. Kati ya bati la nje na ubao wa ndani huwekwa sponji au kitu kingine cha kuzuia joto.

Huko Ulaya na Marekani wapo wanaonunua mabasi yaliyostaafu na kuyageuza nyumba za kuishi na kusafiria. Sehemu inayowasumbua sana ni paa, kwa sababu basi lisilo na kizuizi cha joto juani linageuka tanuri.

Nyumba ya mabati isiyo na dari ni basi lililoegeshwa siku nzima. Bati likipata moto, upande wake wa chini unamulika joto hilo kwenda chini, kama jiko la mkaa linavyokuchoma uso bila kuligusa. Joto linaangukia kitanda, sakafu na kuta. Jua likizama, bati lenyewe hupoa haraka, lakini kuta za tofali zilizokuwa zikinyonya joto tangu asubuhi zinaendelea kulitoa hadi usiku. Ndiyo maana saa tatu usiku nje kuna upepo mzuri na chumbani bado mnatoka jasho.

Ubao wowote uliowekwa katikati hukata mmuliko huo. Hewa iliyo kati ya bati na dari nayo inasaidia, mradi iwe na pa kutokea.

Joto linapomtoa mtoto kwenye chandarua

Mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko mtu mzima, na hawezi kuamka akajichotea maji. Usiku wa joto analia, anajigeuza, anatokwa na vipele vya joto shingoni na mgongoni. Mwisho anasukuma chandarua kwa miguu, au mama mwenyewe anakifunua ili apate hewa.

Hapo ndipo sababu ya pili inapoingia. Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, na njia yao kubwa ya kuingia ndani ni ule uwazi wa juu kati ya ukuta na paa. Mbu akifuata harufu na pumzi za watu waliolala, akakutana na ukuta, hupanda juu na kuupata uwazi huo. Chumba kinakuwa na mbu walioingia bila kuzuiwa na mtoto aliyetoka kwenye chandarua kwa sababu ya joto.

Dari iliyofungwa vizuri inagusa yote mawili kwa pamoja.

Tafiti zinasema nini

Ukanda huu si mgeni kwa utafiti wa malaria. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009.

Kuhusu dari, utafiti unaotajwa sana ulifanyika Gambia na kuchapishwa mwaka huohuo katika jarida la The Lancet. Nyumba ziligawanywa makundi matatu: zilizowekewa wavu madirishani, milangoni na kuzibwa uwazi wa juu, zilizowekewa dari ya wavu peke yake, na zilizoachwa kama zilivyo. Katika nyumba zilizoachwa, watoto wapatao 30 kati ya 100 walikutwa na upungufu wa damu, tatizo ambalo malaria ni chanzo chake kikubwa. Katika makundi mawili yaliyokingwa walikuwa takribani 19 kati ya 100. Dari ya wavu tu ilifikia matokeo ya nyumba iliyokingwa kila mahali.

Karibu na nyumbani kuna mfano wa Magoda, kijiji cha wilaya jirani ya Muheza. Wasanifu majengo kutoka Denmark na watafiti wa malaria walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu. Ripoti yao ya mwaka 2017 ilionyesha nyumba hizo zilikuwa na ubaridi zaidi kwa wastani wa nyuzi joto 2.3, na mbu walipungua, hasa katika zile za ghorofa.

Lakini kuna tahadhari. Utafiti mwingine wa Gambia, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusu nyumba zilizobadilishwa kutoka nyasi kwenda mabati, zikazibwa juu na kuwekewa milango ya wavu. Watoto wote walipewa vyandarua. Maboresho hayo hayakuwapunguzia malaria zaidi ya walivyokingwa na chandarua. Kwa hiyo dari haichukui nafasi ya chandarua chenye dawa. Inamsaidia mtoto abaki ndani yake.

Fuata mpangilio wa mafundi wa mabasi

Anayegeuza basi kuwa nyumba haanzi na mbao nzuri za juu. Anaanza na matundu. Mpangilio wake unafaa hata kwa chumba cha tofali, nao ni huu:

Kwanza, paa. Subiri mvua moja nzuri, tazama panapovuja, ziba. Jipsamu ikilowa inavimba, inaota ukungu na kuanguka. Ukungu nao ni adui wa mtoto mwenye pumu. Ni vizuri kumaliza kazi hii kabla ya masika.

Pili, nyaya za umeme. Zipite zote kwa fundi anayejulikana, ndani ya mabomba, kabla ya kufunika. Waya uliochunwa juu ya dari hauonekani mpaka moto uanze.

Tatu, uwazi wa juu ya ukuta. Zibeni kwa tofali na udongo au saruji. Lakini acheni matundu mawili yanayotazamana juu ya usawa wa dari, kwenye kuta za pembetatu za mwisho wa nyumba, yafungwe kwa wavu mgumu. Joto la chini ya bati litatokea hapo. Ukiziba kila kitu, utakuwa umefunika chungu.

Nne, kizuizi cha joto. Mwenye uwezo anaweza kuweka karatasi ya foili chini ya kenchi. Upande unaong'aa utazame mahali penye hewa, usibanwe na bati wala ubao, la sivyo haufanyi kazi. Foili hupitisha umeme, hivyo isiguse nyaya. Ukitumia pamba ya kioo, fundi avae glavu, barakoa na miwani, na watoto wakae mbali hadi chumba kifagiliwe, kwa sababu nyuzi zake huwasha ngozi, macho na koo.

Tano, ubao wenyewe. Chumba cha mita tatu kwa tatu kina mita za mraba tisa. Ubao wa futi nne kwa nane hufunika karibu mita za mraba 2.9, kwa hiyo mbao nne zinatosha na kipande kinabaki. Peleka hesabu hiyo dukani kabla fundi hajakuandikia sita. Chagua rangi nyeupe au ya maziwa, chumba kitakuwa na mwanga zaidi.

Sita, ukingo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Dari ikiacha upenyo kidogo tu ukutani, mbu anapita. Msimamie fundi azibe ukingo wote wa chumba.

Dari isiwe ghala wala nyumba ya panya

Katika nyumba nyingi za vijijini, dari ya asili ilikuwa mahali pa kuhifadhi mahindi juu ya moshi wa jiko. Mahindi juu ya vichwa vya watu waliolala huita panya, na panya hubeba viroboto. Ukanda huu una kumbukumbu chungu: Wilaya ya Lushoto, juu tu ya Korogwe, ilisumbuliwa na milipuko ya tauni kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia 1980, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya.

Tenganisheni basi. Mahindi yakae kwenye mapipa au mifuko maalumu isiyopitisha hewa, chumba kingine. Wavu wa matundu ya hewa uwe wa chuma ili panya na popo wasiukate. Achia mlango mdogo wa kuingilia juu ya dari, mkague angalau mara mbili kwa mwaka. Mkikuta kinyesi cha popo au panya, msikifagie kikiwa kikavu. Mnyunyizie maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha mkiondoe mkiwa na glavu na barakoa.

Mambo matatu ya hatari

Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata usiku wa baridi. Chumba kilichozibwa juu hakitoi tena gesi ya mkaa kama zamani, na gesi hiyo haina harufu. Huua watu wakiwa usingizini.

Maboksi meupe ya povu na sponji za magodoro hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Anayetumia koroboi au mshumaa chumbani asiweke vitu hivyo juu ya kitanda.

Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto zisitobolewe, zisikatwe wala kuvunjwa na fundi wa kawaida. Vumbi lake husababisha saratani miaka mingi baadaye. Ulizeni kwanza kwa ofisa afya wa kata.

Kama fedha haitoshi

Mpangaji au mwenye kipato kidogo anazo njia za kuanzia. Wavu wa mbu uliotandazwa chini ya kenchi na kubanwa ukutani pande zote unazuia mbu, ingawa hauzuii joto. Magunia safi au shuka zito lililonyooshwa vizuri linapunguza mmuliko wa bati, ingawa linashika vumbi na linahitaji kufuliwa. Rangi nyeupe au chokaa juu ya bati inarudisha sehemu ya jua, ila chokaa huoshwa na mvua na itabidi kurudia. Mti wa kivuli upande wa magharibi unachukua miaka, lakini mche wake ni rahisi kuliko bodi moja.

Ukichagua kimoja, kifanye chumba cha watoto.

Usilisingizie bati

Mzazi asizoee kusema "ni joto la chumba" kila mtoto anapochemka. Mtoe mahali penye hewa, mpunguzie nguo, umpe maji. Aliye chini ya miezi sita mnyonyeshe mara nyingi zaidi, hahitaji maji. Kama kipimajoto cha kwapani kinasoma nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili unaendelea kuchemka, mpeleke kituo cha afya akapimwe malaria ndani ya saa 24. Usianze dawa bila kipimo.

Usingoje hata kidogo ukiona mtoto amelegea, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, anapumua kwa shida, au macho yameingia ndani na hakojoi.

Namna ya kuikagua kazi

Fundi akisema amemaliza, usimlipe sehemu ya mwisho jioni. Subiri mchana jua likiwa juu. Ingia chumbani, funga mlango na madirisha, zima taa, simama kitandani utazame ukingo wote wa dari. Kila unapoona mwanga, mbu naye ana njia. Mwite fundi azibe, ndipo umlipe.