Vice City na San Andreas: miji minne katika megabaiti 32

Je, wajua kwamba katika gemu ya GTA Vice City mwezi hupigwa risasi? Chukua bunduki yenye darubini, subiri usiku uingie, lenga mwezi juu ya bahari, kisha fyatua. Mwezi hauanguki, unabadilika ukubwa. Piga tena, utabadilika tena. Siri hiyo aliitoa miaka mingi baadaye Obbe Vermeij, aliyekuwa mkuu wa ufundi wa Rockstar North, kampuni ya Edinburgh, Uskoti, iliyozitengeneza gemu hizi. Walipokuwa wakiunda GTA III, gemu iliyozitangulia hizi mbili, wachoraji walibishana mwezi uwe na ukubwa gani. Akautengeneza ubadilike kwa risasi, ili waupige wenyewe, walinganishe, wakubaliane. Hawakurudi na jibu, basi akauacha hivyo. Ukapita Vice City, ukafika mpaka San Andreas.

Mwezi huo ni ushahidi kwamba gemu hizi mbili zilitoka kwenye karakana moja. Vice City ilitoka Oktoba 2002 na San Andreas Oktoba 2004, zote kwanza kwa PlayStation 2. Waliozitengeneza ni walewale kwa sehemu kubwa, na mashine ni ileile. Hata vidole vya mchezaji vilihama bila kujifunza upya mpangilio wa vitufe: R1, R2, L1, X, kisha kushoto, chini, kulia, juu, mara mbili. Katika Vice City mpangilio huo unakupa vesti ya kuzuia risasi. Katika San Andreas unakupa vesti, uzima kamili na dola 250,000. Wengi wetu tuliinakili kodi hiyo nyuma ya daftari la hisabati, na wengine wanaikumbuka hadi leo kuliko kanuni yoyote iliyokuwa mbele ya daftari hilo.

Kwa waliokulia Temeke, Tandika, Mbagala, Manzese au Kinondoni jijini Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, ubishi wa ipi kali zaidi kati ya hizi mbili haujaisha. Wengi walizijua kwenye banda la gemu: chumba cha uani au fremu ya duka, TV za chogo zimepangwa ukutani, PS zimefungiwa ndani ya sanduku la mbao mkono usizifikie, benchi moja, na mwenye banda ameshika saa. Kazi kubwa ya banda ilikuwa mpira, yaani Winning Eleven na baadaye FIFA, kwa sababu mechi moja inakaliwa na watu wawili na inakwisha kwa wakati unaojulikana. GTA ilikuwa ya anayelipia muda. Anacheza mmoja, na benchi zima linamwelekeza: kata kushoto, polisi hao, shuka kwenye gari linaungua!

Naona banda hilo ndilo mahali pazuri pa kuzipima, kwa kuwa pale muda ulikuwa hela na mashine ilikuwa imechoka. Ukizitazama kwa jicho hilo, swali la ipi kubwa linapungua uzito. Ninalotaka kujua ni kila moja ilikitumiaje kile kidogo kilichokuwepo.

Nacho kilikuwa kidogo kweli. PlayStation 2 iliyoanza kuuzwa Japani Machi 2000 ilikuwa na prosesa ya karibu megahezi 295 na kumbukumbu ya megabaiti 32, pamoja na megabaiti 4 za picha. Leo video ya nusu dakika iliyopigwa kwa simu ya kawaida inaweza kuzidi kumbukumbu yote hiyo. Ndani yake zilipaswa kuenea barabara, magari, wapita njia, polisi, mawimbi, milio ya risasi na mchezaji mwenyewe. Mji mzima hauingii humo. Unabaki kwenye CD (kwa mafundi ni DVD, ila mtaani kila sahani ni CD), na mashine inachukua kipande kinachokuzunguka tu. Unapoendesha, lenzi inasoma mtaa ulio mbele yako na kumbukumbu inafuta mtaa uliouacha nyuma. Kona uliyopita haipo tena mpaka ugeuke.

Kasi ya kusoma nayo ina kikomo. PS2 ikienda mbio zake zote inasoma DVD kwa takriban megabaiti 5 kwa sekunde. Kujaza megabaiti 32 kungechukua zaidi ya sekunde 6, na pikipiki ya kilometa 150 kwa saa katika muda huo imeshakula mita 250. Ndiyo maana kila jengo lina sura mbili. Moja ni ya mbali, ya pembetatu chache na rangi zilizofifia, na nyingine kamili yenye madirisha na mabango. Kazi ya wahandisi ni kuibadilisha ya kwanza kwa ya pili kabla jicho lako halijagundua.

Vice City ililikabili tatizo hili kwa kukata mji vipande. Ni mji wa mwaka 1986 uliochorwa kwa mfano wa Miami, wenye visiwa viwili vikubwa, ufukwe upande mmoja na mji wa kazi upande mwingine. Ukivuka daraja, gemu inasimama, inaleta picha, inapakia kisiwa cha pili, ndipo unaendelea. Kituo hicho kinaudhi, lakini kinakuachia kisiwa kilichojaa vizuri. Rangi za waridi za jioni, taa za hoteli za Ocean Beach, mvua inayoacha matone kwenye kioo, vyote vimepata nafasi yake. Na kwa kuwa kisiwa ni kidogo, kilikaririka kichwani. Vijana wasiowahi kutoka Tandika walikuwa wanajua njia ya mkato kutoka hoteli ya Ocean View hadi jumba la mhusika Diaz bila kuangalia ramani.

Iliundwa kwa takriban mwaka mmoja, na haraka hiyo inaonekana. Tommy Vercetti, mhusika mkuu aliyepewa sauti na mwigizaji Ray Liotta, hajui kuogelea. Akitumbukia baharini anakufa, katika mji uliozungukwa na maji pande zote! Lakini tangu dakika ya kwanza mengi yako wazi: gari, pikipiki, ufukwe, redio. Mwenye muda mfupi wa kulipia alipata raha yake papo hapo.

San Andreas ilikataa kukata. Iliweka miji mitatu katika ramani moja: Los Santos kwa mfano wa Los Angeles, San Fierro kwa mfano wa San Francisco, na Las Venturas kwa mfano wa Las Vegas, na katikati yake misitu, mashamba, jangwa na Mlima Chiliad. Unaweza kutoka Los Santos kwa baiskeli, ukapita vijijini, ukavuka daraja na kuingia San Fierro bila gemu kusimama hata mara moja kupakia. Mashine ni ileile ya megabaiti 32. Hata sasa nikiitazama naiona kama kazi ya uhandisi inayostahili kufundishwa darasani.

Ramani hiyo ni mraba wa karibu kilometa 6 kwa 6. Kilometa 6 ni kama kutoka Posta hadi Tazara. Hata hivyo kila aliyeicheza atakuambia kwamba ni nchi nzima, kwa sababu barabara zimepindishwa kwa makusudi. Njia kuu haziendi moja kwa moja, zinazunguka vilima ili mji unaoufuata usionekane mapema na lenzi ipate muda wa kusoma. Juu ya hayo wakamwaga ukungu. Hewa ya Los Santos ni ya rangi ya machungwa, nzito, kama moshi wa magari ya Los Angeles yenyewe. Ukungu huo ulificha kwamba majengo ya mbali yalikuwa bado hayajafika.

Sasa ipeleke kazi hiyo nzito kwenye banda la Mbagala lenye vumbi. Gemu ya mpira inapakia uwanja na wachezaji mwanzoni, kisha lenzi inapumzika kwa kiasi. San Andreas haiipumzishi kabisa. Kwa hiyo PS iliyokuwa inacheza Winning Eleven mchana kutwa bila lalamiko, ukiiwekea San Andreas ilianika ugonjwa wake. Redio ya gari inakatika. Majengo yanabaki na ile sura ya mbali hata ukiyasogelea, yamevimba hayana milango. Halafu barabara yenyewe haitokei, na gari linazama kwenye utupu wa buluu huku benchi likipiga kelele. Fundi anaifungua, anafuta jicho la lenzi kwa pamba yenye spiriti, na likishindikana anageuza kiskrubu kidogo pembeni yake kuongeza nguvu ya mwanga, tiba inayoleta nafuu leo na kufupisha maisha ya lenzi. Vice City nayo husoma inapokwenda, ila mji wake mdogo ulikuwa na huruma zaidi kwa mashine mgonjwa.

Kuna hesabu nyingine iliyohusu banda. Katika gemu zote mbili dakika moja ya ndani ni sekunde moja ya kwetu, kwa hiyo siku nzima inapita kwa dakika 24. Ukilipia nusu saa, umenunua siku moja na robo. Kwa Tommy hilo si tatizo, yeye mwili wake haubadiliki. CJ, yaani Carl Johnson wa San Andreas, anarudi nyumbani mwaka 1992 kumzika mama yake, na kuanzia hapo mwili wake unaweka kumbukumbu ya kila unachomfanyia. Akila mno ananenepa, na asipokula anakonda hadi misuli inapungua. Jimu inampa mazoezi ya kiasi kwa siku, kisha inamwambia arudi kesho. Ukiendesha baiskeli sana anakuwa hodari wa baiskeli. Ukipiga mbizi, pumzi yake inarefuka, kwani huyu anaogelea. Maisha ya namna hiyo hayaingii katika nusu saa. Yanahitaji memori kadi, ile ya megabaiti 8, na asiyekuwa nayo alianza upya kila siku na CJ mwembamba juu ya baiskeli. Mgao wa umeme wa 2006, ukame uliposhusha maji ya bwawa la Mtera, ulifuta misheni nyingi zilizokuwa hazijaseviwa.

Hata hivyo San Andreas ilikuwa na zawadi kwa banda, na wengi hawakuigundua: pedi ya pili inafanya kazi. Zipo alama mitaani za watu wawili, ukisimama hapo mwenzako anaingia, mnatembea na kuendesha pamoja, mradi msiachane nje ya kioo kimoja. Vice City haina kitu hicho.

Muziki nao uligawa watu. Vice City ilikuwa na Billie Jean ya Michael Jackson kwenye redio ya Flash FM, ambayo baadhi ya matoleo ya baadaye yaliikosa. San Andreas ilileta rapu ya pwani ya magharibi ya Marekani na reggae ya K-Jah West, na ilitua Temeke miaka ileile kundi la muziki la TMK Wanaume lilipokuwa wakitamba. Mwaka wake wa 1992 haukuwa mgeni kwetu. Saleh Jabir alikuwa ameshaanza kurapu kwa Kiswahili, na Februari ya mwaka huo Michael Jackson mwenyewe alifika Dar es Salaam akapokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi. Mtaa wa CJ wenye uzio wa waya, nyumba za chini na vijana waliokaa kibarazani ulieleweka haraka kuliko hoteli za Vice City.

Zote mbili ni gemu za watu wazima, zenye mauaji na matusi, na boksi la kila moja linasema hivyo waziwazi. Watoto wa darasa la tatu hawakupaswa kukaa kwenye benchi lile, na mwenye banda aliyewafukuza alifanya sawa.

Upande wangu ni San Andreas. Vice City ni nadhifu zaidi, lakini San Andreas ilitaka jambo ambalo mashine haikuweza, ikatafuta njia mpaka ikalipata. Wanunuzi nao walikwenda huko: zaidi ya nakala milioni 27 za San Andreas, dhidi ya milioni 17 na nusu za Vice City. Siku hizi zote zinachezeka kwenye simu, Vice City tangu Desemba 2012 na San Andreas tangu Desemba 2013, wala hakuna lenzi ya kufuta.

Novemba 2021 zikatolewa upya kwa mashine za kisasa, zenye nguvu mara nyingi kuliko PS2. Ukungu ukaondolewa, maana haukuhitajika tena kiufundi. Mchezaji akiruka na ndege juu ya Los Santos akaiona miji yote mitatu kwa pamoja, imebanana, na Mlima Chiliad uliotuchosha kuupanda ukawa kilima kilicho karibu na kila kitu. Wachezaji walilalamika sana, na marekebisho ya baadaye yakaurudisha ukungu.