Omate: pyesi ya gari tuliyokataa kununua

Pickup ya komite yetu ni Hilux ya zamani ya mazutu. Tuliipata okazo, na ndani yake mlikuwa na pyesi moja ambayo shoferi wa Walikale hawezi kuitumia hata siku moja: ile ya kushika mwendo. Unabonyeza kitufe, unatoa mguu, gari inaenda yenyewe mwendo ule ule. Ilibuniwa na Ralph Teetor, injinia kipofu wa Marekani, na Chrysler ikaanza kuiuza kwa magari ya mwaka 1958. Kwao barabara zimenyooka. Kwetu, ukitoka Sake kupanda Masisi, jaribu uone kama hautalala bondeni.

Sasa, kitu chenye hatutumii kilikaribia kutuua.

Tulikuwa tunamshusha mchimbaji wa Omate aliyevunjika mguu. Kwenye mteremko shoferi akaniambia: "Papa, freni imekuwa nguvu, mguu yangu inachoka." Tulifika, lakini polepole, vitesi ya kwanza njia yote.

Garaji moja ya Goma ikasema pyesi ya mwendo imekufa, tununue ingine, dola 220. Ndugu zangu, hizo ni hela za watu wanaopiga karai kwenye maji tangu asubuhi! Nikakataa, nikaita fundi mzee.

Akafungua kapo, akatuonyesha. Injini ya mazutu hainyonyi hewa kama ile ya esansi, ndiyo maana iko na pompe ndogo. Kwa gari yetu imefungwa nyuma ya alternatere. Pompe hiyo ndiyo inasaidia mguu wako kwenye freni. Mtu aliyefunga pyesi ya mwendo alitoa tuyo kwenye pompe hiyo hiyo. Mpira wa ndani ukapasuka, hewa ikawa inaingia, freni ikakosa nguvu.

Fundi akatoa pyesi yote, akaziba njia yake kwa boulon na kola. Akatoa pia kable yake iliyovuta akseleratere, kwani ikikwama, injini inakimbia peke yake. (Ikikutokea: kanyaga freni mara moja kwa nguvu, usipige-pige, toa vitesi. Usichomoe ufunguo, usukani utajifunga.)

Kila shoferi anayebeba watu wetu afanye hivi asubuhi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga freni mara tano, sita, mpaka iwe ngumu. Acha mguu palepale, washa injini. Pedali ikishuka kidogo, msaada upo. Isiposhuka, usipakie mtu, hata patro akipiga kelele.

Fundi tulimlipa dola 10. Mke wa yule mchimbaji tulimpa 40 za chakula cha hospitali, na zilizobaki ziko kwenye sanduku. Anayetaka kuhesabu aje.