Mlima Elgon: Nyumba Bila Kazi Haitoshi

Ndugu wafanyakazi, sisi wa Kasubi tunaukumbuka Machi 2010 kwa moto wa tarehe 16 ulioteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka. Lakini tarehe 1 ya mwezi huohuo Mlima Elgon uliporomoka Nametsi, Bududa. Watu zaidi ya 300 walikufa au kupotea. Nyumba ya Kasubi imejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliyatoa makaburi katika orodha ya hatari. Bududa je?

Serikali iliwahamishia baadhi ya walionusurika Kiryandongo, ikawapa ardhi. Lakini kahawa ya arabika haitaki joto la tambarare, inataka baridi ya mlimani. Ni kumpa fundi cherehani jembe. Wengine wakarudi, wakaitwa wakaidi. Neno hilo silipendi. Mtu hufuata riziki yake. Mlima ukaua tena 2012, 2018, na huko Bulambuli 2024.

Kupanda miti kunasaidia, maana mizizi hushika udongo. Ninyi mnaokoboa kahawa hiyo viwandani, ulizeni mikutanoni: anayehamishwa atakula kwa kazi gani?